Tumpe Nini?

Nilivuka Namanga na begi mgongoni,
ndani yake barua ya shirika, pea mbili za raba,
na hotuba ya kurasa mbili niliyoiandika Tukuyu
mvua ikipiga bati na mama akiuliza:
kwani huku hakuna wa kusaidiwa?
Sikumjibu. Basi lilikuwa la alfajiri.

Kariobangi, mlangoni pa kituo,
mwanamke mwenye kisu mkononi akaniuliza jina.
"Tumpe."
"Tumpe nini?"
Wakacheka wote, hadi mtoto aliyekuwa akipuliza puto;
puto likamponyoka, likazunguka ua mzima likijamba.

Akanipa kisu.

Zilibaki siku mbili kituo kitimize miaka ishirini.
Magunia matatu ya waru. Mimi huita viazi,
na viazi navijua, kwetu hulimwa hadi ukingoni mwa makaburi.
Nikasema, "Samahani dada, naomba beseni, kama halina kazi."
Syombua akaacha kumenya. "Rudia."
Nikarudia.
Akawaita wenzake kutoka jikoni
waje wasikie mtu anavyobembeleza beseni.
"Hapa unasema: leta beseni.
Hiyo asali yote utaimaliza kabla ya Jumamosi."

Bango likaja Ijumaa jioni, herufi nyekundu:
MIAKA ISHINI.
Mchapaji alikuwa amezima simu.
Ouko seremala akapanda ngazi, akashuka, akalitazama tena.
"Wala si kosa," akasema, "ni amri.
Ishini! Tumeambiwa tuishi."
Likatundikwa vilevile, kona moja kwa waya wa chelewa
kwa sababu kamba ilikuwa imefunga mbuzi.

Mgeni rasmi alifika saa tisa,
akasema dakika arobaini,
akaondoka na keki yake kwenye foili.
Umeme ulikatika katikati ya ngonjera,
watoto wakaendelea bila kipaza sauti, wakasikika zaidi.
Hotuba yangu ilibaki ndani ya begi.
Nilikuwa karaini, povu hadi viwikoni,
vikombe mia mbili na kumi.
Kimoja nilikivunja, nikakificha chini ya maganda.

Usiku, viti vimepangwa kama chapati,
Syombua akatoa daftari la jalada jekundu.
Kurasa za mwanzo, walioleta:
Ouko, mabati manne, moja limetoboka.
Mama Shikuku, kokoto, ndoo sita, kwa kichwa.
Hakutaja jina, mlango.
Nikafunua mbele kuwatafuta wageni, watu kama mimi,
nikitarajia vyoo walivyochimba, vitabu, kompyuta.

Yule wa Uswidi: tulimfundisha kufua soksi.
Yule wa Kampala: tulimpa mke.
Yule mrefu, wa macho mekundu: tulimsikiliza. Wiki tatu.
Wawili wa Lusaka: tuliwauguza, wakapona, mmoja anaandika bado.

Nilisoma nikarudia kusoma.
Hakuna choo. Hakuna kitabu hata kimoja.
"Walivyoleta tuliviona," Syombua akasema.
"Vingine vipo, vingine vimeoza.
Hivi ndivyo vya kusahaulika."

Akafungua ukurasa mweupe, akalowesha kalamu ulimini,
akaandika Tumpe,
akatua.
Tulilisoma pamoja, jina la bibi yangu,
nililolibeba miaka ishirini na minne
bila kulisikia likiomba.
Safari hii hakuna aliyecheka.

"Na kikombe pia niandike?" akauliza.

Asubuhi mwenye viti alikuja na mkokoteni,
akahesabu mia moja arobaini na tisa,
akahesabu upya, akaanza kupaza sauti.
Mstari wangu ulikuwa bado mtupu.
Masufuria yalikuwa yameganda mafuta.
"Leta sabuni," nikasema.
Syombua hakuinua hata kichwa.
Alileta.